Makala yenu ya zafarani ilihesabu fedha, haikuhesabu maua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu makala ya zafarani iliyotoka katika toleo la Jumamosi iliyopita, pamoja na maelekezo ya mapishi yaliyowekwa chini yake. Sina ugomvi na mwandishi, na ninashukuru kwamba gazeti liliona kiungo hiki kinastahili ukurasa mzima. Hata hivyo, makala ile ilichukua bei ya kilo moja ya zafarani, ikaizidisha kwa ukubwa wa shamba, ikapata utajiri, bila kutaja hata mara moja kwamba kilo hiyo hutoka katika maua mangapi, na kwamba kila ua ni lazima mtu aliinamie. Nimelima zafarani kwa misimu sita katika tuta lisilozidi ukubwa wa chumba cha kulala, na kinachonisikitisha ni kwamba msomaji aliyeikata makala ile, akaitia mfukoni na kwenda kutafuta mbegu kama ilivyomwelekeza, alikuwa amekwisha kupotea tangu hatua ya kwanza, kwa sababu zafarani haizai mbegu.

Mmea huu, ambao wataalamu huuita Crocus sativus, una seti tatu za kromosomu, yaani vibebaji vya urithi, mahali ambapo mimea mingi ina mbili, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na mayai. Ndiyo maana ua lake, pamoja na uzuri wake wote, ni tasa. Zafarani yote iliyopo duniani leo imetokana na tunguu, yaani shina nene la ardhini, lililobanduliwa kutoka kwa tunguu jingine, mkono wa mtu hadi mkono wa mtu, tangu zama ambazo hakuna aliyeziandika. Uchunguzi wa vinasaba umefuatilia ukoo wake hadi kwenye ua la mwituni la Ugiriki liitwalo Crocus cartwrightianus. Katika kisiwa cha Santorini, katika magofu ya Akrotiri yaliyofunikwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ipo michoro ya ukutani inayoonyesha wanawake wakichuma maua ya namna hiyo. Kutoka pande hizo mmea usio na mbegu umefika Iran, Kashmir, Hispania na Moroko kwa sababu moja tu: kila kizazi kilikubali kuchimba, kutenganisha na kupanda upya. Kwa hiyo anayeuza pakiti ya mbegu za zafarani anauza mbegu za ua jingine.

Kinachopandwa ni tunguu hilo, lenye umbo la kitunguu kilichobonyea kidogo. Ukilikata hutaona maganda yaliyopangana kama ya kitunguu, bali nyama nyeupe tupu kama ya kiazi. Ukubwa wake ndio unaoamua mavuno, na hili nalo makala haikuligusa. Tunguu lenye upana wa chini ya sentimita mbili na nusu aghalabu hutoa majani peke yake. Mimi nilijifunza jambo hilo kwa fedha zangu, kwani mwaka wa kwanza nilinunua matunguu 100 ya bei ya chini kabisa, mengi yakiwa sawa na punje ya karanga. Majira ya mapukutiko yalipofika nilipata majani mengi membamba kama nyasi, kila moja na mstari mweupe katikati, na maua manne. Maua manne ni nyuzi 12, kwa kuwa kila ua lina nyuzi tatu nyekundu zinazotumika kama kiungo. Nilizikausha juu ya sahani ya chai, na mtoto wangu akaniuliza kama hayo ndiyo mavuno au ni mfano wa mavuno.

Makala ilisema pia kwamba zafarani huota popote penye jua. Kuota, naam, inaweza kuota. Kuchanua ni jambo jingine. Mzunguko wake umepinduka ukilinganishwa na mimea tuliyoizoea. Wakati wa kiangazi, yaani majira ya joto, wakati mimea mingine inastawi, zafarani haina hata jani moja juu ya ardhi, nayo ukiiona utadhani imekufa. Ndani ya tunguu, hata hivyo, ua linaanza kuumbwa, na linahitaji joto la nyuzijoto kama 23 hadi 27 kwa wiki kadhaa ili liumbike. Baada ya hapo joto linapaswa kushuka hadi karibu nyuzijoto 17 ndipo ua lichomoze. Pasipo na joto la kwanza, ua haliumbiki. Pasipo na mteremko wa pili, lililoumbika haliendi popote. Baada ya kuchanua, majani hubaki kijani kipindi chote cha kipupwe, yakilisha matunguu mapya yanayokua juu ya lile la zamani, na mwishoni mwa machipuo yote hukauka. Tunguu mama huwa limekwisha kunyauka na kuisha, na nafasi yake imechukuliwa na wanawe.

Kwa mmea wenye tabia hiyo, maji ya wakati usiofaa ni adui mkubwa kuliko ukame. Matunguu yaliyolala hayataki mvua ndefu wala udongo unaotuama, na sehemu zenye sifa, kama nyanda kavu za Khorasan mashariki mwa Iran au miinuko ya udongo ya Pampore huko Kashmir, zimepata sifa hizo kwa sababu maji hayakai. Mwaka wangu wa tatu niliona tuta limekauka katikati ya kiangazi, nikalionea huruma, nikalimwagilia kila jioni. Nilipochimba, thuluthi moja ya matunguu ilikuwa imegeuka uji wa kahawia wenye harufu mbaya. Tangu hapo ninapanda katika tuta lililoinuliwa, kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, na kiangazi kizima ndoo yangu ya maji hupita mbali. Wapo wanaoweka matunguu katika trei ndani ya vyumba vyenye mashine za kudhibiti joto na kuvuna maua bila udongo, na wanafanikiwa. Lakini hata wao baadaye ni lazima wayarudishe matunguu mahali penye udongo na mwanga mwingi ili yanenepe, la sivyo msimu unaofuata watavuna majani kama mimi.

Sasa nije kwenye maua, ambako ndiko makala ilikokosea zaidi.

Kila tunguu zuri hutoa ua moja, mawili, wakati mwingine matatu au zaidi. Ua lina petali sita za zambarau, vijiti vitatu vya manjano vyenye chavua, na katikati uzi mmoja unaoanza mweupe chini, ukawa wa manjano, kisha ukagawanyika kuwa nyuzi tatu nyekundu. Nyuzi hizo tatu nyekundu ndizo zafarani. Petali hazihesabiwi, chavua haihesabiwi. Gramu moja ya zafarani kavu huhitaji takriban maua 150, na kilo moja basi huhitaji maua 150,000 au zaidi. Ua huchomoza usiku, na hupendelewa kuchumwa alfajiri kabla halijafunguka, kwa sababu ua lililofumba huchumwa haraka bila kuharibu nyuzi, na kwa sababu jua na upepo vikishalifikia, rangi na harufu huanza kupungua. Siku hiyohiyo ni lazima nyuzi zitolewe, maana ua lililolala kikapuni hulegea, petali zikashikana, na kazi ya dakika moja ikawa ya dakika tatu.

Huko La Mancha, Hispania, ziko siku chache za kilele ambapo shamba lote hufunikwa na zambarau, nazo wenyeji huziita días de manto, siku za joho. Siku hizo asubuhi huwa ya kuchuma, na mchana na usiku huwa wa kukaa mezani: vikapu vinamwagwa, watu wa nyumba na majirani wanazunguka meza, na kila mmoja anashika ua kwa mkono mmoja na kuchomoa nyuzi kwa vidole vya mkono wa pili. Kazi hiyo inaitwa monda, na waliozeeka nayo hawatazami hata vidole vyao, wanazungumza. Mji wa Consuegra umekuwa ukifanya sikukuu ya ua hili tangu mwaka 1963, na ndani yake kuna mashindano ya kutoa nyuzi kwa kasi.

Siku yangu bora kabisa, katika mwaka wa tano, ilitoa maua 300. Tulichuma na kuchambua mimi na dada yangu, na tangu kuinama shambani hadi kuinuka mezani tulitumia saa moja na nusu. Tulipokwisha kukausha, mizani ya vito niliyoazima ilisoma gramu mbili. Hizo ni saa tatu za mtu mmoja kwa gramu mbili, yaani saa 1,500 kwa kilo. Waliokulia katika kazi hii wangetucheka, na wana haki. Tuseme basi kwamba wana kasi mara tatu yetu: kilo moja bado inakula saa 500. Hekta moja inayotoa kilo nne, ambayo si hekta mbaya, itakula saa 2,000, na saa hizo haziwezi kutandazwa mwaka mzima kama palizi, kwa kuwa maua yote huja ndani ya wiki mbili au tatu, na ua la leo halingoji kesho. Gawanya saa 2,000 kwa siku 21 za saa nane kila siku, utapata watu 12 wasiopumzika hata siku moja, na huko ni kudhania kwamba maua yatakuja kwa kiasi sawa kila asubuhi, jambo ambalo halitokei. Siku za joho utahitaji 30, na wiki inayofuata hutakuwa na kazi ya kuwapa. Hesabu hii ndiyo iliyoifanya zafarani kuwa ghali, wala si uchawi wala uhaba wa ardhi. Mwandishi wenu alipoandika faida kwa hekta, aliwahesabu watu hawa kuwa bure.

Kuna jambo la usalama ambalo siwezi kulipita. Picha kubwa iliyopamba makala ilionyesha ua la zambarau lenye vijiti sita vya chavua, nami nilivihesabu kwa kalamu mara mbili. Zafarani ina vitatu. Ua lenye vijiti sita, linalochanua majira yaleyale na kufanana na zafarani kiasi cha kumdanganya mtu aliye wima, ni Colchicum autumnale, na sehemu zake zote zina sumu iitwayo kolkisini, ambayo imewahi kuua watu. Majani yake mapana hutokea wakati wa machipuo, si membamba kama ya zafarani. Lakini wakati wa kuchanua majani hayo hayapo, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuhesabu vijiti na kutafuta nyuzi nyekundu. Msomaji aliyeitunza picha ile kama kielelezo anapaswa kuichana.

Ua likishachambuliwa, nyuzi mbichi hupoteza takriban sehemu nne kati ya tano za uzito wake zinapokaushwa. Wahispania huzitandaza katika chekecheke na kuziweka juu ya moto mdogo wa makaa usiotoa moshi. Katika mashamba mengi ya Iran na Kashmir zimekuwa zikianikwa tu, kivulini au juani. Mimi hutumia tanuri ya jikoni kwenye joto la chini kabisa, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo. Vyovyote iwavyo, kukausha si kuhifadhi tu. Uzi mbichi una harufu hafifu sana, na yule ambaye hajawahi kuukausha atashangaa kwamba amefanya kazi yote hiyo kwa kitu kisichonukia. Uchungu wa zafarani unatokana na kemikali iitwayo pikrokrosini, na ni wakati wa kukauka ndipo sehemu ya pikrokrosini huvunjika na kuzaa safranali, ambayo ndiyo harufu ile ya asali na majani makavu tunayoijua. Ukiikausha vibaya, unapata uzi mwekundu wenye ukungu. Ukiikausha kwa moto mkali, unapata mkaa. Ikishakauka vizuri inavunjika kwa sauti kati ya vidole, nayo inafaa ikae katika chupa iliyofungwa, gizani, kama mwezi mmoja kabla ya kuonjwa, kwa kuwa harufu huendelea kukomaa. Mwanga huifuta rangi yake, na chupa nzuri ya kioo cheupe iliyowekwa dirishani ili wageni waione ni njia ya polepole ya kuimwaga.

Kitu chenye gharama hii hakiwezi kukosa waghushi. Katika karne ya 15 mji wa Nuremberg, Ujerumani, ulikuwa na wakaguzi wa zafarani, na baadhi ya walioshikwa wakiuza iliyochanganywa walihukumiwa kuchomwa moto. Siku hizi kuna kipimo cha kimataifa, ISO 3632, ambacho hupima kwa mwanga nguvu ya rangi, uchungu na harufu, na zafarani ya daraja la kwanza ni lazima ifikie 200 kwa rangi. Mpishi wa nyumbani hana mashine hiyo, lakini ana macho na ulimi. Uzi halisi una ncha iliyopanuka kama mdomo wa tarumbeta na iliyochanika kidogo; ndevu za mahindi zilizotiwa rangi, au petali za Carthamus tinctorius, ambao ni mmea wa jamii ya alizeti, hazina mdomo huo. Uweke uzi katika maji ya uvuguvugu na ungoje. Zafarani hutoa rangi ya dhahabu polepole, mawingu kwa mawingu, na uzi wenyewe hubaki mwekundu kwa muda mrefu. Mwaka ule nilioanza kulima, muuzaji mmoja aliniuzia kijaluba kizuri, na nilipozitia nyuzi zake majini, maji yalikuwa mekundu kabla sijaweka kijiko chini, na nyuzi zikabaki nyeupe kama uzi wa kushonea. Onja pia: zafarani ni chungu. Ikiwa tamu, kuna aliyeipaka asali au sukari ili iongezeke uzito. Unga wa zafarani ni bora usinunuliwe kabisa, kwa sababu mara nyingi huchanganywa na kiungo kiitwacho manjano; ukiushuku, tia kidogo katika maji yenye magadi, kwani manjano hugeuka kuwa mwekundu wa kahawia humo na kumfichua muuzaji.

Hapo ndipo ninapofika kwenye maelekezo ya mapishi, yaliyoandika kwamba ukikosa zafarani, “tumia manjano, ni kitu kilekile”. Lugha yetu huenda ndiyo inayotuponza, maana rangi na kiungo vinaitwa jina moja, na chakula kikishakuwa cha manjano tunadhani kazi imekwisha. Manjano ni mzizi wa jamii ya tangawizi, wenye ladha ya udongo na ukali kidogo, nao ni mzuri mahali pake. Hauna harufu ya zafarani hata chembe. Anayekosa zafarani na apike bila zafarani. Wali mweupe ni chakula cha heshima.

Kosa la pili lilikuwa kuzitupa nyuzi katika mafuta ya moto mwanzoni mwa pishi. Rangi ya zafarani, krosini, ni ya ukoo wa karotenoidi, ule unaoipa karoti rangi yake, lakini tofauti na ndugu zake wengi, huyeyuka katika maji na haiyeyuki katika mafuta. Uzi uliokaangwa huungua nje na kufunga rangi yake ndani, na sufuria nzima hupata ladha ya kitu kilichobabuka. Kosa la tatu ndilo lililonifanya nicheke peke yangu: “kijiko kimoja cha chai kilichojaa.” Kiasi hicho kingekipa chakula uchungu wa dawa, na mpishi angekula asubuhi nzima ya kazi ya mtu mwingine kwa mlo mmoja.

Kwa sufuria ya wali ya watu sita, nyuzi 30 zinatosha. Hizo ni maua kumi. Gramu moja ina nyuzi kama 450, kwa hiyo gramu moja ni sufuria 15, na mwenye kuhesabu hivyo ataona kwamba zafarani, kiungo ghali kuliko vyote kwa kilo, si ghali sana kwa mlo. Nyuzi hizo zisagwe katika kinu kidogo pamoja na chembe za sukari au chumvi, ambazo husaidia kuzikwaruza, kisha zimiminiwe nusu kikombe cha maji moto yasiyochemka na kuachwa zimefunikwa. Dakika 20 ni kiwango cha chini; saa mbili ni bora. Wairani wengi hufanya kinyume cha moto: husaga zafarani, huinyunyiza juu ya vipande vya barafu, na kuiacha barafu iyeyuke taratibu, na rangi inayopatikana ni nzito na angavu. Nilipoambiwa niliona ni madoido. Nimejaribu, nami sasa kila mara naweka barafu. Kwa vyakula vitamu, maziwa ya vuguvugu hufanya kazi ileile.

Maji hayo ya dhahabu, pamoja na nyuzi zake, hutiwa mwishoni. Katika risotto ya Milan, wali mzito wa Kiitalia, huingia dakika chache kabla ya siagi na jibini. Katika wali wa Kiirani sehemu ndogo ya wali uliokwisha kuiva huchanganywa nayo pembeni na kutandazwa juu ya ule mweupe, ili sinia liwe na rangi mbili na kila mlaji akutane na harufu mahali fulani badala ya kila mahali. Waswidi huitia katika unga wa mikate yao ya sikukuu ya Lucia, tarehe 13 Desemba, na waokaji wa huko wanajua kwamba unga wenye zafarani nyingi hutoka mkavu, kwa hiyo wanaongeza siagi. Kanuni inayoviunganisha vyakula hivi ni kwamba mpishi hakuweka kando ya zafarani kitu cha kupigana nayo. Karafuu, mdalasini mwingi, kitunguu saumu kilichoungua, pilipili kali, vyote huimeza. Zafarani inapenda wali, maziwa, mayai, samaki mweupe, kuku, siagi na lozi, yaani vyakula vyenye sauti ya chini.

Sehemu iliyoorodhesha magonjwa yanayotibiwa na zafarani nitaipita haraka. Zipo tafiti zilizojaribu miligramu 30 kwa siku kwa watu wenye sonona, na zinastahili kusomwa na madaktari. Hazikuandikwa ili mgonjwa aache dawa zake. Kiasi cha chakula hakina tatizo kwa watu wengi, bali gramu tano kwa siku ni hatari, na mjamzito hapaswi kuitumia kama dawa kabisa. Kijiko kilichojaa cha makala yenu, kikirudiwa asubuhi, mchana na jioni na mtu anayetafuta uponyaji, kingetukaribisha mahali pabaya.

Sitaki kumkatisha tamaa mtu yeyote kulima. Tuta langu linanipa gramu saba au nane kwa mwaka katika mwaka mwema, nagawa nusu, na wiki zile mbili za kuamka gizani na tochi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kwa anayeanza ningesema: anunue matunguu 50 makubwa badala ya 200 madogo, ayapande mahali ambapo maji hayatuami na panya hawafiki, na kila baada ya miaka minne hivi ayachimbue, kwa kuwa matunguu mapya huzaliwa juu ya ya zamani na mwishowe husongamana karibu na uso wa ardhi, yakidhoofika. Baada ya kuyachimbua atakuwa na mengi kuliko aliyoanza nayo, na hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kilimo hiki, faida inayokuja kabla ya fedha yoyote.

Ninaloliomba kwa mhariri ni dogo. Katika nusu ya kaskazini ya dunia matunguu hutiwa ardhini mwezi wa nane na wa tisa, na wauzaji huanza kupokea maagizo mapema zaidi. Chapisheni marekebisho ya picha ile katika toleo lijalo, na marekebisho ya habari ya mbegu pamoja nayo, ili aliyekwisha kulipia pakiti awe bado na muda wa kudai fedha zake.

Wako,
Msomaji wa miaka mingi, mkulima wa tuta moja